Kijitabu cha Mchezo Kisifutwe

Mwaka 2018 vilabu 72 vya ligi za kulipwa zilizo chini ya Ligi Kuu ya Uingereza vilipiga kura, vikaiondoa kanuni ya zamani iliyovilazimisha kupiga chapa kijitabu kwa kila mchezo wa nyumbani. Tangu siku ile kila klabu imeachiwa hiari yake. Nyingine zimeendelea kuchapa kama kawaida, nyingine zimepunguza kurasa, na nyingine zimekiondoa kabisa kijitabu cha karatasi, zikamwambia mshabiki asome katika simu yake. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoifunga milango ya viwanja, wale waliokuwa wakisitasita walipata sababu. Na sasa hoja hiyo imeshuka hadi kwenye vilabu vidogo vya miji na vijiji, ambako mtunza fedha husimama mbele ya kamati, akasoma hesabu ya mpiga chapa, kisha akauliza kama gharama hiyo ina maana yo yote.

Sisi twasema ina maana, na kubwa.

Msomaji ana haki ya kutuuliza: haya ya Waingereza yatuhusu nini? Yatuhusu. Tarehe 1 Machi 2020, katika uwanja wa Wembley, Ndugu Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, aliifungia Aston Villa bao la kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walishindwa 2–1, lakini bao ni bao. Siku 12 baadaye mpira wa Uingereza ulisimamishwa kwa ajili ya Korona. Jina la Samatta limepigwa chapa katika kijitabu cha siku ile, na vijitabu hivyo vimehifadhiwa majumbani mwa watu wasiomjua wala hawajapata kufika Mbagala. Mjukuu wa Mtanzania atakayetaka kukiona kwa macho yake, na kukishika, atakipata. Hataombwa neno la siri, wala hataambiwa kwamba kampuni iliyokuwa ikizitunza kurasa hizo imekwisha kufungwa.

Kwa wasiopata kukiona, yafaa tueleze kijitabu hicho ni kitu gani. Ni kurasa chache au nyingi, kadiri ya uwezo wa klabu, zinazouzwa langoni siku ya mchezo. Ndani yake mna majina ya wachezaji wa pande zote mbili, salamu za kocha, matokeo ya mechi zilizopita, habari za timu ngeni, na matangazo ya mwenye bucha, fundi wa magari na mwenye duka la maua. Katika vilabu vikubwa bei yake ni kiasi cha pauni 3 au 4. Katika vilabu vidogo huandikwa na mtu wa kujitolea, ambaye mchana ana kazi yake nyingine, na usiku hukaa akihesabu nani amefunga mabao mangapi tangu msimu ulipoanza.

Zamani kijitabu kilikuwa chombo cha lazima, wala hakikuwa pambo. Nambari za mgongoni hazikuwako tangu mwanzo. Arsenal walizijaribu mwaka 1928, na ligi ilizifanya kuwa sharti mwaka 1939. Mtazamaji aliyesimama mbali alilinganisha nambari na orodha iliyo mkononi mwake, ndipo akajua ni nani aliyemkosesha raha. Katika viwanja vingi palikuwa na ubao wa matokeo ya mapumziko. Ubao ule haukuandika majina ya timu, bali herufi tu: A, B, C, na kuendelea, na kila herufi na mabao yake. Kujua A ni mchezo gani kulikuwa katika kijitabu peke yake. Asiyenunua alibaki akiona kwamba A ni 2–1, na asijue amshangilie nani. (Tunakiri kuwa huo ulikuwa ujanja wa mfanyabiashara, nao ulifaulu sana.) Baadaye vilabu vingine viliweka ndani ya kijitabu vipande vya kukata na kubandika, na aliyevikusanya msimu mzima alipata nafasi ya kununua tiketi ya mchezo mkubwa wa kombe. Hivyo aliyekuja kwenye mvua mwezi Januari hakusahauliwa mwezi Mei.

Mambo hayo yamekwisha. Leo matokeo yote ya dunia yamo mfukoni, na orodha ya wachezaji hutangazwa kwenye simu muda mfupi kabla ya mchezo, ilhali kijitabu kilikwenda kwa mpiga chapa siku kadhaa kabla. Mchezaji aliyeumia Alhamisi bado yumo ndani yake akitabasamu. Tena mvua ikinyesha na refa akaahirisha mchezo, klabu ndogo hubaki na maboksi ya karatasi ambazo tarehe yake imekufa. Mtunza fedha wa klabu ya namna hiyo si adui wa mtu. Anapotuambia kwamba kila nakala isiyouzwa ni fedha iliyotoka kwenye jezi za watoto, twamsikia. Twamsikia pia kipofu, ambaye simu yaweza kumsomea kurasa kwa sauti, na karatasi haikupata kumsemesha hata siku moja. Na kijana aliye ng'ambo, aliyehama mji wa kwao kutafuta kazi, husoma habari za klabu yake kwenye simu bila kungoja posta. Kwa hiyo hatusemi simu iondolewe. Mwenye kusema hivyo leo ni mtu wa kuchekwa.

Neno letu ni kuwa simu isifanywe sababu ya kuiua karatasi, kwa kuwa vitu hivi viwili havifanyi kazi moja. Cha simu ni habari. Cha karatasi ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya klabu ndogo ni nini kama si majina? Haina kombe la fedha wala jumba la makumbusho. Inayo orodha ya watu waliovaa jezi yake Jumamosi fulani, mwaka fulani, mbele ya watu 200.

Tutazame jinsi daftari lilivyofanya kazi. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowachukua Manchester United ilianguka Munich. Watu 23 walikufa, na 8 kati yao walikuwa wachezaji. Tarehe 19 ya mwezi ule ule klabu ilipaswa kucheza mchezo wa Kombe la FA dhidi ya Sheffield Wednesday. Mpiga chapa alikuwa akingoja orodha, na hapakuwa na mtu wa kuweza kumpa orodha. Basi kijitabu kikachapwa hivyo hivyo: upande wa Sheffield majina kumi na moja, upande wa United nafasi kumi na moja tupu. Watu waliingia uwanjani na kijitabu chenye mistari isiyo na majina, na vipaza sauti vilipowataja wachezaji, wenye kalamu waliandika. Kijana mmoja, Shay Brennan, ambaye ule ulikuwa mchezo wake wa kwanza katika kikosi kikubwa, alifunga mabao mawili, na United wakashinda 3–0. Nakala za siku ile zingalipo. Zimeandikwa kwa mkono wa makuli, makarani na wanafunzi, kila mtu kwa hati yake.

Tumefikiri sana jinsi simu ingalilifanya jambo hilo. Ingalingoja. Orodha ingaliingizwa dakika ya mwisho, safi, bila kosa, na zile nafasi tupu zisingalionekana na mtu. Habari ingalikuwa sahihi zaidi, na ushahidi ungalipotea.

Kuna wanaosema kwamba hata kurasa za simu huhifadhiwa, kwa kuwa wako wakutubi wenye mitambo ya kazi hiyo. Ni kweli. Uingereza ina sheria, na tangu mwaka 2013 maktaba zake kuu zimekuwa na haki ya kukusanya kurasa za intaneti za nchi yao kama zinavyokusanya vitabu. Lakini mwezi Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza iliyoko London. Orodha ya vitabu ilizimika kwa miezi, na hazina ya kurasa za intaneti ikafungiwa wasomaji kwa muda mrefu zaidi. Vitabu vyenyewe vilikuwa rafuni, vimekaa kimya. Ikiwa maktaba kubwa kama hiyo yapatwa na hayo, klabu yenye mtunza tovuti mmoja wa kujitolea itakuwaje? Yule mtu akihama mji, au akigombana na mwenyekiti, msimu mzima waweza kutoweka pamoja naye. Hili si la kubuni, kwani kila aliyewahi kubadilisha simu anajua picha alizozipoteza.

Tena yapo mambo ya kazi, nayo gazeti la wafanyakazi haliwezi kuyapita. Kijitabu kina mpiga chapa, mara nyingi kiwanda kidogo cha mji ule ule. Kina muuzaji langoni, ambaye huenda ni mstaafu au mtoto wa shule, na ambaye kwa watu wengi ndiye uso wa kwanza wa klabu wauonao. Kina mwenye bucha anayelipa tangazo, si kwa kuwa kitabu kitamletea wateja wengi, bali kwa kuwa ataonekana kuwa mwenzao. Ukihamishia yote kwenye simu, fedha ya tangazo haibaki mjini. Husogea taratibu kuelekea kwenye makampuni makubwa yenye kumiliki njia za matangazo, nayo hayajui kwamba mji huo una timu. Wanaouita mwendo huo maendeleo watwambie ni maendeleo ya nani.

Na yuko mzee asiye na simu ya kisasa, au anayo lakini macho hayaoni maandishi madogo juani, au betri yake imekwisha kabla ya mapumziko. Mtu huyu amelipa kiingilio kwa miaka 50. Kumwambia kwamba habari ziko kwenye mtandao ni kumwambia kwa adabu kwamba hatumhitaji.

Pengine mtu ataona kwamba tunazipamba karatasi kwa kuwa na sisi twaishi kwa karatasi. Hatukatai. Lakini si sisi tulioipandisha bei kijitabu cha fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1882, Old Etonians na Blackburn Rovers, kilichouzwa mnadani London mwaka 2013 kwa pauni 35,250. Karatasi ile haikutengenezwa iwe mali. Ilitengenezwa mtu ajue nani anacheza, kisha aitupe. Mwaka uliofuata, 1883, Blackburn Olympic, timu iliyokuwa na wafumaji wa nguo, mtu wa kiwanda cha chuma na fundi wa mabomba, iliwafunga hao hao Old Etonians, wana wa mabwana wakubwa, 2–1. Wafanyakazi wale hawakuachiwa sanamu na mtu. Yaliyobaki ni majina yao katika maandishi ya siku zao, na ndiyo maana hata leo twaweza kuwasifu.

Basi klabu ndogo ifanye nini na ile hesabu ya mpiga chapa? Kwanza, jambo hili lisiamuliwe na watu watatu chumbani. Uingereza ina vilabu ambavyo ni mali ya washabiki wenyewe. Exeter City iko mikononi mwa chama cha washabiki tangu 2003. AFC Wimbledon iliundwa na washabiki mwaka 2002. FC United of Manchester, ya mwaka 2005, kila mwanachama ana kura moja, awe tajiri au kabwela. Penye wanachama, wanachama waulizwe, nao waonyeshwe hesabu nzima: gharama ya chapa, mapato ya matangazo, nakala zilizouzwa na zilizobaki. Hatuamini kwamba watu wakielezwa ukweli watachagua kila mara kama sisi tunavyotaka. Lakini kijitabu kikifa kwa kura ya wenye klabu, kimekufa kwa heshima.

Pili, fahari na ipunguzwe. Kijitabu kimeugua kwa sababu kilinenepa: kurasa nyingi za kung'aa, picha za kila upande, mahojiano ambayo mchezaji hasemi neno, na nusu yake matangazo. Wakati wa vita kuu ya pili karatasi ilikuwa adimu, na vilabu vya Uingereza vilitoa karatasi moja iliyokunjwa. Watu walinunua, na michezo ile leo inajulikana kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Habari ndefu, picha na mazungumzo viende kwenye simu, ambako nafasi haina bei. Karatasi ibaki na tarehe, majina, refa, matokeo ya mchezo uliopita, na mahali pa kuandika mabadiliko kwa kalamu. Ichapwe baada ya kuhesabu ni nakala ngapi huuzwa kweli, siyo ngapi mwenyekiti angependa ziuzwe, na iuzwe kwa bei ambayo mtoto anaweza kuilipa kwa sarafu.

Na kabla ya refa kupuliza filimbi, nakala mbili zitengwe: moja iwekwe katika kabati la klabu, na ya pili apewe mkutubi wa maktaba ya mji, aandike tarehe aliyoipokea.