Nani atalipa saa ya mazoezi?

Kijana wa Mangobo anayeendesha toleka au pikipiki anaijua vizuri hesabu moja: saa nzima bila abiria ni sahani ya lituma iliyopungua nyumbani. Mwalimu wa michezo akimwita mazoezini saa kumi ya jioni naye asifike, watu husema hana nidhamu. Mara nyingi tatizo si nidhamu, ni hesabu. Viongozi wanaposifu vipaji vya vijana wa Tshopo, hesabu hiyo hawaitaji hata kidogo.

Ulimwenguni kuna mchezo mzima wa kulipwa uliozaliwa na hesabu ya namna hiyo. Ni raga ya wachezaji 13, ndugu ya ile ya wachezaji 15 ambayo watu wengi huiona kwenye televisheni. Mwishoni mwa karne ya 19, kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi wa raga walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani. Aliyeacha kazi Jumamosi ili akacheze alikatwa mshahara. Klabu zao ziliomba jambo dogo: mchezaji arudishiwe ile pesa aliyoipoteza. Mwaka wa 1893 mkutano mkuu wa chama cha raga ulikataa kwa kura 282 dhidi ya 136. Waliokuwa na sauti katika chama hicho walikuwa watu wenye mali, ambao Jumamosi ya mchezo haikuwagharimu kitu.

Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, klabu za kaskazini zilijitenga na kuunda chama chao. Malipo ya mwanzo yalikuwa na kikomo cha shilingi 6 kwa siku ya kazi iliyopotea. Mwaka wa 1906 walipunguza timu hadi wachezaji 13. Raga ya wachezaji 15 iliendelea kukataza malipo hadi 1995, miaka mia kamili baadaye. Kwa hiyo, kabla ya viwanja vikubwa na kabla ya televisheni, kazi ya mchezaji wa kulipwa ilianzia kwenye swali la fidia ya nusu siku.

Afrika Mashariki ina mtu wake aliyepitia mlango huo. Mkenya Lucas Onyango, aliyewahi kuvaa jezi ya nchi yake katika raga, alicheza pembeni katika klabu za Widnes na Oldham, huko huko kaskazini mwa Uingereza. Katika klabu ndogo za eneo hilo, wachezaji wengi hufanya kazi nyingine mchana na kwenda mazoezini jioni, lakini klabu huwalipa. Si utajiri, ila kunamwezesha mtu kuacha kazi saa mbili bila watoto wake kulala njaa.

Kongo nayo ina mfano mkubwa, ingawa ni wa raga ya wachezaji 15. Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1983, akapelekwa Ufaransa akiwa mtoto. Alikua kusini mwa nchi hiyo, ambako klabu ya raga ni kitu cha kawaida mtaani. Alianza kulipwa Béziers, akahamia Toulouse mwaka wa 2005, akamalizia Racing 92, ambako alikuwa bingwa wa Ufaransa mwaka wa 2016. Aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 46. Katikati ya safari hiyo aliuguza goti, na miaka 5 ikapita bila jezi ya taifa. Aliporudi dhidi ya Australia, Novemba 2012, alibubujikwa machozi wimbo wa taifa ulipokuwa ukiimbwa. Watu wanayakumbuka machozi yale. Kinachosahaulika ni kwamba katika miaka ile alikuwa na klabu, mshahara na daktari. Mchezaji wa hapa akivunjika goti huenda kwa mganga wa viungo, na mama yake ndiye anayetafuta pesa.

Mfano wa tatu unaigusa Kisangani yenyewe, nao unauma. Popole Misenga aliikimbia vita mjini humu akiwa mtoto. Mama yake aliuawa. Yeye alijificha msituni siku kadhaa hadi akaokotwa na kupelekwa Kinshasa, ambako alijifunza judo. Mwaka wa 2013 aliiwakilisha Kongo katika mashindano ya dunia huko Rio de Janeiro, kisha akabaki Brazil akiomba hifadhi. Alisimulia baadaye kwamba wanamichezo waliachwa huko bila pesa wala chakula. Mwaka wa 2016 alirudi ulingoni katika mji ule ule, kwenye Michezo ya Olimpiki, akiwa mmoja wa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi. Alimshinda Mhindi Avtar Singh katika pambano la kwanza. Dunia ilimpigia makofi mtoto aliyeikimbia vita ya Kisangani, lakini bendera ya Kongo haikuwa kifuani mwake.

Watatu hawa hawafanani kwa mchezo wala kwa maisha. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja alipata mtu au klabu iliyobeba gharama ya saa zake za mazoezi, na mara zote tatu ilikuwa nje ya nchi yake.

Wapo watakaojibu kwamba jimbo lenye barabara mbovu na walimu wanaosubiri mishahara haliwezi kuanza kulipa wachezaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayedai mishahara ya Toulouse. Wale wachimba makaa waliomba fidia ya siku moja tu. Kisangani inaweza kuanza na mambo manne: nauli na chakula siku ya mazoezi, mfuko wa matibabu kwa anayeumia, mazoezi yapangwe alfajiri, kabla abiria hawajawa wengi, na hesabu za kila klabu zibandikwe ukutani, ili mfadhili aone franka zake zimekwenda wapi. Makampuni yanayouza bia na vocha kutoka Makiso hadi Lubunga hupenda kuona majina yao kwenye jezi. Yaombwe pia kulipia sahani ya chakula cha yule anayeivaa.

Serikali ya jimbo na komini ziache kuwapokea mabingwa uwanja wa ndege kwa maua ilhali hazikujua walikula nini miaka 10 iliyotangulia. Kipaji kipo Kabondo, kipo Tshopo, kipo ng'ambo ya mto. Jioni hii kitakuwa barabarani kikitafuta abiria. Swali la Huddersfield bado linasubiri jibu hapa: ile saa moja, nani atailipa?