NJITI NI WETU, NA GHARAMA NI YETU



Mkutano uliopita wapo wenzetu waliosimama wakasema ushirika ni wa korosho, mambo ya watoto wachanga ni ya kliniki. Tunawajibu hapa ukutani, kila mtu asome.

Hivi gari hulipiwa na nani? Njiti akipoa usiku tunagonga kwa katibu atoe mkopo, tunakodi gari mpaka wilayani, mama analala wodini, shamba linaota majani. Fedha hiyo ni ya korosho! Tusidanganyane.

Na mara nyingi kinachomponza mtoto huyo ni baridi, maziwa yasiyotosha na mikono michafu. Mama ameruhusiwa na kadi yake mkononi. Bibi anayempokea hakuambiwa kitu, baba ndiyo kabisa. Bibi kwa mapenzi yake anamwogesha mtoto, anamviringisha kanga tatu, anamlaza peke yake. Hapo ndipo anapopoa. Hatumlaumu bibi. Nani alimfundisha?

Linalofundishwa si gumu. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, akae wima kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kanga, usiku na mchana. Anyonye kila saa 2 au 3; akishindwa kuvuta, maziwa yakamuliwe anyweshwe kwa kikombe. Dk. Edgar Rey alianzisha njia hii mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, kwa kuwa mashine za kuwatia joto njiti zilikuwa haba. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, wa hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu hii, ulionyesha kwamba kuwaweka kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza kwenye mashine, kulipunguza vifo kwa asilimia 25.

Mtasema hiyo ni hospitali. Haya, Haryana, India, akina mama walifundishwa majumbani mwao. Watoto zaidi ya 8,000 waliozaliwa na uzito mdogo walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha vifo vya siku 28 za kwanza vimepungua kwa asilimia 30 kwa waliofundishwa. Majumbani, ndugu zangu!

Eti mwanakijiji hafundishiki. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa na redio wakajifunza malaria na vyoo. Walikuwa wazazi wetu, wakulima kama sisi.

Na nyinyi kina baba mnaocheka, kifua cha mwanamume nacho kina joto. Mama hawezi kubeba saa 24 peke yake, lazima ale, aoge, alale.

Hatusemi watu waache hospitali. Mtoto mdogo mno, asiyenyonya, anayehema kwa shida, mwenye degedege, mwili moto au baridi, apelekwe saa ile ile, tena kifuani. Aliyefundishwa ndiye huziona dalili hizo mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Tunachotaka ni ushirika umlipie muuguzi wa zahanati nauli, azunguke kila kitongoji, na kila mja mzito aje na mumewe na bibi atakayemsaidia. Nauli hiyo haifiki safari moja ya gari la kukodi.

Kura ni Jumamosi saa 8 mchana, ghalani. Anayepinga asimame aseme mbele ya akina mama, siyo kilabuni.