Usimpime mtoto kwa bei ya chombo alichovunja

Ewe mzazi unayesoma ukurasa huu, hebu nikuulize. Mara ya mwisho mtoto wako mdogo alipoangusha kitu kikavunjika, neno la kwanza kukutoka kinywani lilikuwa lipi? Ulimwuliza kama ameumia, au ulimwuliza ni nani aliyemwambia aguse?

Jibu langu nalijua, na si la kujivunia. Jioni moja nilirudi nyumbani kutoka kazini nikiwa hoi. Mvua ilikuwa imenyesha, nauli ya matatu ikapandishwa kama kawaida, nami nilikuwa nimesimama foleni hadi miguu ikafa ganzi. Nilipofika nilijitupa kwenye kochi. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne, aliona jinsi nilivyochoka akaamua kunitilia chai. Alipanda juu ya stuli, akaikumbatia themosi kwa mikono miwili, na alipojaribu kushuka nayo ikamponyoka. Nilisikia mlio wa kioo, na chai ikatapakaa sakafuni.

Nilimfokea. Nilimwita mtundu, nikamwambia hasikii, nikamwamuru atoke mbele yangu. Nilifagia vigae huku nikipiga hesabu ya pesa za kununua themosi nyingine. Mtoto alijikunyata nyuma ya kochi bila kulia. Wakati wa kumwogesha ulipofika, yapata saa moja baadaye, ndipo nilipoona malengelenge juu ya mguu wake, karibu na vidole. Chai ilikuwa imemuunguza. Nilipomwuliza mbona hakusema, alinijibu: "Ulikuwa umekasirika, Mama."

Kwa muda wa saa nzima mtoto aliyeungua alikaa kimya nyumbani kwao kwa kumwogopa mamake. Ndiyo sababu ninasema kuwa uvumilivu wa mzazi si suala la upole na tabia njema tu. Ni suala la afya na usalama wa mtoto. Mtoto anayeogopa kipigo huficha kigae kilichomkata, huficha mahali alipoungua, na hata akinywa kitu kisichofaa huenda asiseme mpaka hali iwe mbaya.

Kosa tunalofanya wengi wetu ni kumpima mtoto kwa ukubwa wa hasara. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu jinsi watoto wanavyoamua jema na baya, alieleza namna alivyowasimulia watoto visa viwili. Mvulana mmoja aliona kidau cha wino cha babake kiko kitupu, akataka kumsaidia kwa kukijaza, na kwa bahati mbaya akatia doa kubwa kwenye kitambaa cha meza. Mwingine alikuwa akichezea wino tu, akatia doa dogo. Kisha watoto wakaulizwa ni nani aliyekosa zaidi. Wengi wa wale wadogo walimtaja mwenye doa kubwa. Wale waliokuwa wamekua kidogo ndio walioanza kuangalia nia.

Sasa jitazame wewe mwenyewe. Kikombe cha plastiki kikianguka unacheka. Simu yako ikitumbukizwa ndani ya beseni na mtoto aliyetaka kukuoshea, unatafuta mshipi. Mtoto ni yule yule na nia ni ile ile. Kilichobadilika ni bei. Hasira ikitupanda, sisi watu wazima tunaamua mambo kama watoto wadogo wa Piaget.

Wazazi wengine hudhani kwamba mtoto mdogo hujifanya anasaidia ili apate nafasi ya kuharibu. Sivyo. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miezi 18. Mtu mzima asiye mzazi wao alijifanya ameangusha kibanio cha nguo asiweze kukifikia, au akaja na mzigo mikononi akashindwa kufungua mlango wa kabati. Kati ya watoto 24, watoto 22 walimsaidia angalau mara moja, bila kuahidiwa zawadi wala kupongezwa.

Maana yake ni kwamba moyo wa kusaidia humjia mtoto mapema sana, kabla mikono yake haijapata uwezo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui kukadiria uzito wa themosi iliyojaa. Akitazama kikombe anasahau stuli anayosimamia. Huo si ukaidi, bali ni umri.

Jambo hili halikuwa geni kwa wazee wetu. Katika miaka ya 1950 watafiti kutoka Marekani waliishi Nyansongo, katika nchi ya Wagusii, wakichunguza malezi ya watoto. Nyansongo ilikuwa mojawapo ya jamii sita za nchi mbalimbali zilizolinganishwa. Watoto wa huko walichunga mifugo, walibeba wadogo zao na kuwasaidia mama zao shambani, na walionekana kuwa wepesi zaidi wa kuwasaidia na kuwajali wengine kuliko watoto wa mji mmoja wa Marekani ambao hawakuwa na kazi nyingi za nyumbani. Walijifunza kusaidia kwa sababu waliachwa wasaidie, na sina shaka kwamba vibuyu na vyungu vilivunjika njiani.

Sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga mijini hatuna ng'ombe wa kuchungwa. Kazi iliyobaki kwa mtoto ni kikombe, ufagio na meza ya kulia. Tukimfukuza hapo akiwa na miaka minne, tusishangae akifika miaka 12 tukimwita jikoni naye hataki kuinuka mbele ya televisheni. Atakuwa ametii tulichomfunza.

Pengine utaniambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inamhusu mtoto aliyekosa kwa makusudi, si aliyeteleza akikuhudumia. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Utaniambia pia kwamba vitu ni ghali na mshahara ni mdogo. Hilo nalijua vizuri, kwani niliishi na themosi ya kuazima hadi mwisho wa mwezi. Lakini kumpiga mtoto hakuunganishi kioo.

Je, ufanye nini basi? Kwanza, kabla hujasema lolote, mtazame mtoto, wala si chombo. Angalia mikono yake, miguu yake na uso wake. Ikiwa kuna vigae, mwambie asimame pale pale, umwinue umtoe hapo. Pili, ukihisi mkono unataka kupaa, nenda dirishani uvute pumzi mara kadhaa. Kisha mwulize: "Ulitaka kufanya nini?" Akikuambia alitaka kukusaidia, mshukuru kwa hilo, halafu umweleze kilichokwenda kombo: "Themosi ni nzito na chai inaunguza. Ukitaka kunipa chai, niite tushike pamoja." Mwisho, mpe kitambaa mpanguse pamoja, lakini vigae viokote wewe.

Ukishampigia kelele kabla ya kufikiri, mwombe msamaha. Heshima yako haitapungua.

Halafu panga nyumba kwa namna ambayo msaada wake hautamdhuru. Themosi, birika na sufuria za moto ziwe mahali asipofikia, hata kwa stuli. Mafuta taa yasiwekwe katika chupa ya soda, kwani siku moja atataka kukukaribisha wewe au mdogo wake kinywaji. Mwachie kazi zinazolingana na mikono yake: kupanga vijiko, kukuletea ndara, kutenga soksi za rangi moja, kuchambua maharagwe pamoja nawe, au kumimina maji baridi kutoka kwa jagi dogo la plastiki. Mwonyeshe polepole, mara nyingi. Yaya naye umweleze mpango huo, maana ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa.

Mtoto akiungua, usimpake dawa ya meno, siagi, unga wala yai kama wengi wanavyofanya. Jirani yangu alinijia mbio na dawa ya meno usiku ule kwa nia njema kabisa. Kinachotakiwa ni kumwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Mwondolee nguo au soksi iliyolowa, isipokuwa kama imegandama kwenye ngozi. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitalini, hasa akiwa ameungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri. Maji yanasaidia zaidi yakitumiwa mara moja baada ya ajali. Mimi niliipoteza saa nzima kwa sababu ya themosi.

Mguu wa mwanangu ulipona baada ya wiki chache. Kilichokawia kupona ni kingine. Kwa miezi mingi baadaye alikuwa hagusi chombo chochote mezani, hata nilipomwomba aniletee kikombe kitupu. Alikuwa akinitazama usoni kwanza. Ilinibidi nimnunulie jagi lake dogo, nami nikawa nikinywa maji nisiyoyahitaji kila jioni, mpaka akarudi tena kunitilia bila kuambiwa.

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, leo jioni kitu kikianguka jikoni, na kitaanguka, uliza kwanza: "Umeumia?" Hesabu ya chombo utaipiga baadaye.