Fedha za Korosho na Haki ya Wazee
Ndugu Waislamu, kwa kawaida minada ya korosho ya RUNALI huanza Oktoba, na malipo ya wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hupitia benki. Mzee asiyeweza safari humtuma mwanawe. Je, fedha humfikia mwenye mikorosho? Azitumiaye bila idhini, huku mzazi akilala na njaa, amemdhulumu. Suratul Israa, aya ya 23, imekataza hata kumgunia mzazi aliyefikia uzee. Sembuse kula haki yake? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo iliihesabu familia kuwa tegemeo la matunzo yao. Basi maimamu na majirani, baada ya mauzo tuwatembelee wazee, tuwaulize wenyewe kwa faragha, na aliyedhulumiwa tumsimamie hadi arejeshewe chake. Wabillahi tawfiq.