Msiruke Kitabu cha Nne

Ukimwambia mpenzi wa riwaya za George R. R. Martin kwamba umemaliza kitabu cha tatu na unaingia cha nne, atakupa pole. Atakwambia kinaboa, ujikaze tu hadi kiishe. Akiwa mkali zaidi atakushauri usome muhtasari kisha ukimbilie cha tano, waliko majoka. Sababu haibadiliki: vita vimekwisha, wahusika wakubwa hawamo, hakuna kinachotokea. Kauli hiyo imerudiwa tangu A Feast for Crows kilipotoka mwaka 2005, na sasa inasemwa hata na watu ambao hawajawahi kukifungua.

Ni kauli ya uongo. Kitabu cha nne ndicho moyo wa kazi yote hii. Vitatu vya mwanzo vinatuonyesha vita vikipiganwa, hiki kinatuonyesha vilichofanya. Anayekiruka ni kama mgeni aliyekula na kunywa usiku kucha, akaaga wenye shughuli walipoanza kuhesabu madeni.

Chanzo cha hasira nakielewa. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000. Hicho cha tatu kina harusi iliyogeuka machinjio, mfalme kijana aliyekufa kwa sumu mezani, mashambulizi ya Ukutani, na mtoto aliyemuua baba yake kwa mshale chooni. Kisha kikaja kimya cha miaka mitano. Martin alikuwa amekusudia kuruka miaka mitano ndani ya hadithi ili watoto wapate kukua na majoka pia. Akaandika, akaona sura zinajaa kumbukumbu za yaliyopita, akaacha na kuanza upya. Muswada ulipovimba kupita kiasi akaugawa kwa kufuata mahali: King's Landing, Riverlands na kusini vikaingia cha nne, Ukuta na nchi za mashariki vikangoja cha tano, ambacho hakikutoka hadi 2011. Msomaji aliyevumilia miaka yote hiyo alifungua kitabu akamkosa Tyrion, akamkosa Daenerys, na Jon Snow akamwona mara moja tu kupitia macho ya Samwell. Nani asingekasirika? Lakini uchungu wa kungoja ni jambo moja, na thamani ya kitabu ni jambo jingine. Anayeanza leo anavikuta vyote vitano dukani. Kwa nini arithi kinyongo cha watu wa 2005?

Tuchukue sura za Brienne wa Tarth, maana ndizo zinazotukanwa kuliko zote. Brienne anamtafuta Sansa Stark. Sisi tunajua tangu kitabu cha tatu kwamba Sansa yuko Vale, amejificha chini ya jina la Alayne. Brienne hajui, na barabara anayoishika haimpeleki huko. Basi watu wanalalamika kwamba ni safari ya bure na mwandishi anatupotezea muda. Hawajaona anachokifanya mwandishi. Kwa kuwa tunajua anayetafutwa hayuko mbele, hatuna sababu ya kukodolea macho mwisho wa njia. Tunatazama kando, na huko kando ndiko iliko nchi yenyewe: vijiji vilivyoteketea, maiti zinazoning'inia mitini, watu wanaofunga milango wakisikia kwato za farasi. Kwenye njia panda kuna nyumba ya wageni ambayo sasa imejaa watoto yatima, na anayewaamuru ni msichana wa miaka kumi aitwaye Willow. Nyumba hiyo tuliwahi kuipita. Katika kitabu cha kwanza mwenye nyumba, Masha Heddle, alinyongwa na watu wa Tywin Lannister, nasi tukapita maiti yake haraka kwa sababu Tyrion alikuwa anaelekea kwenye vita. Martin anaturudisha palepale na kutulazimisha kukaa. Majambazi wanapoingia uani usiku wa mvua, anayetoka kuwakabili ni Willow, ameshika upinde wa kufyatua.

Kwenye barabara hizo hizo anatembea Septon Meribald, kasisi wa vijijini asiyevaa viatu, akiwa na punda na mbwa wake. Hajui kusoma wala kuandika, sala zote anazo kichwani. Siku moja mazungumzo yanageukia askari waliotoroka jeshini, na kijana Podrick, anayesafiri na Brienne, anauliza kama watu hao ni sawa na majambazi. Brienne anajibu kwamba karibu ni sawa. Meribald anakataa. Anaanza kumweleza mkulima ambaye hajawahi kwenda zaidi ya maili chache kutoka kwao, anayeitwa na bwana wake siku moja kwenda vitani, akaondoka na zana ya shambani kama silaha, pamoja na ndugu na marafiki, wakiimba. Anaeleza vita vya kwanza, na vya pili, na jinsi wenzake wanavyopukutika mmoja mmoja. Viatu vikiisha mtu anavua vya maiti. Njaa ikizidi anawaibia wakulima waliokuwa sawa na yeye jana. Mpaka asubuhi moja anageuka, waliotoka naye kijijini wote hawapo, na anapigana katikati ya watu asiowajua chini ya bendera asiyoitambua. Hapo anavunjika, anakimbia. Meribald hataki Podrick asahau kwamba mtu huyo ni wa kuogopwa, lakini pia ni wa kuhurumiwa. Kisha tunagundua kwamba anajisimulia mwenyewe: alikwenda vitani akiwa mtoto, na kaka zake hawakurudi.

Sijui riwaya nyingine ya uchawi na mapanga iliyowahi kusimama kiasi hicho kumsikiliza askari wa miguu. Wala sura hiyo haikuandikwa na mtu asiyejali. Wakati wa vita vya Vietnam Martin alikataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, akakubaliwa, na akafanya utumishi wa kiraia badala yake. Mawazo ya miaka ile yamekaa katika kurasa hizo chache, halafu mtu anakuja na kusema kwamba katika sura ile hakuna kinachotokea.

Mbele kidogo kuna mji wa bandari wa Saltpans, au mabaki yake. Wavamizi waliingia, wakachoma, wakabaka, wakaua. Mzee aliyekuwa bwana wa ngome alifunga lango akabaki ndani huku raia wake wakilia nje. Kiongozi wa wauaji alivaa kofia ya chuma yenye sura ya mbwa, kwa hiyo nchi nzima inamlaani Sandor Clegane, aliyejulikana kwa kofia hiyo. Lakini kofia ilikuwa imewekwa juu ya kaburi, na mtu mwingine akaiokota. Hivyo ndivyo uvumi unavyokuwa ushahidi wakati wa vita, na Martin anatuachia wenyewe tuunganishe.

Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kusema kwamba hadithi ya uchawi na vita inakwisha mapigano yakikoma. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ya dawa yaliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani. Kila mtoto wa shule Tanzania anaijua sehemu hiyo, na Ebrahim Hussein ameiandikia tamthilia inayosomwa tangu 1969. Anajua pia watu walivyokwenda mbele ya bunduki Mahenge. Lakini wengi waliokufa hawakufa pale. Serikali ya Gavana von Götzen iliamua kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuweza. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na makadirio ya baadaye ya wanahistoria yanafika 250,000 na kupita. Mtu anayeijua Maji Maji kwa kuishia kwenye maji na risasi, Maji Maji haijui. Njaa ile ndiyo vita vyenyewe. Riverlands nako mavuno yamechomwa, makundi ya mbwa mwitu yanazunguka yakila wafu, na theluji inaanza kuanguka kabla ya mwisho wa kitabu. Watu watakula nini? Hilo ndilo swali linalotembea chini ya kila sura, na halina joka wa kulijibu.

Huko King's Landing, Cersei Lannister anatawala kwa niaba ya mwanawe Tommen, na hapa kitabu kinafanya jambo ambalo riwaya za namna hii hazina subira nalo: kinafungua daftari la madeni. Vita viliendeshwa kwa mikopo. Taji linadaiwa na Benki ya Chuma ya Braavos, na linadaiwa na Dini ya Miungu Saba zaidi ya sarafu laki tisa za dhahabu. Cersei anaahirisha kuilipa benki ili ajenge meli, na benki inaanza kuwabana wengine wote iliowakopesha. Wakati huo huo maskini wanaojiita shomoro wanamiminika mjini kutoka nchi iliyoungua, wamebeba mifupa ya makasisi waliouawa, na kuirundika chini ya sanamu ya Baelor ili wakubwa waione. Malkia anapita kwenye machela yake na kuona uchafu tu. Basi Shomoro Mkuu, kiongozi wa dini hiyo, anapokubali kusamehe deni iwapo dini itaruhusiwa kubeba tena silaha, Cersei anafurahi, akidhani amempata mjinga. Kitabu hakijaisha, watu wale wale wenye silaha wamemfungia chumbani. Fitina ya jumba la kifalme inayofungwa kwa ustadi namna hii, kutoka mfupa wa barabarani hadi kufuli la mlango wa malkia, ingekuwa kwenye kitabu kingine watu wangeisifu mpaka leo.

Na uchawi wanaoutafuta upo, tena wa kutisha kuliko wa moto na mabawa. Katika kitabu hiki Brienne anafikishwa mbele ya mwanamke aliyechinjwa harusini na kufufuliwa. Ni Catelyn Stark, mama aliyekuwa na akili na huruma, na kilichorudi ni kisasi peke yake. Anamtaka Brienne achague upanga au kitanzi. Katika Iron Islands, Euron Greyjoy analeta pembe ya joka mkutanoni, na mtu anayeipuliza anabaki midomo imebabuka na kuvuja damu. Mjini Oldtown mshumaa wa kioo uliokufa kwa vizazi unawaka tena, na msomi Marwyn anamdokezea Samwell kwamba wasomi wa Citadel wenyewe ndio waliohakikisha majoka yanatoweka. Hapa tunaelezwa uchawi unagharimu nini na ni nani asiyetaka uwepo.

Kasoro zipo. Sura za Iron Islands na Dorne zimegawanywa kwa wasimulizi wengi mno, kila mmoja akipewa lakabu badala ya jina, na msomaji anachoka kujua nani ni nani. Dorne hasa ingeweza kufupishwa. Hayo niko tayari kuyajadili na yeyote usiku kucha. Nisilokubali ni kukifuta kitabu kizima kwa sababu ya sura hizo.

Dharau hii kwa sehemu inayofuata vita ina historia ndefu kuliko Martin. J. R. R. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916, na alipoandika mwisho wa The Lord of the Rings aliwarudisha hobiti wake nyumbani wakakuta miti imekatwa, nyumba zimebomolewa na majambazi wanatawala. Filamu ya 2003 iliikata sehemu hiyo. Tamthilia ya HBO ya 2011 hadi 2019, iliyotokana na vitabu vya Martin, ilimwacha kabisa Catelyn aliyefufuka, na Meribald akafanywa mhusika mwingine ambaye hatoi yale maneno kuhusu askari waliovunjika. Kila mara panga likishuka kwenye hadithi za vita, linaangukia sehemu inayokuja baada ya ushindi. Mamilioni walioijua Westeros, nchi ya hadithi hii, kwenye skrini waliipata bila dhamiri yake, na wengi wao ndio wanaotwambia leo kwamba kitabu hakina kitu.

Turudi kitabuni, tumtazame Jaime Lannister: anatumwa Riverrun kumaliza kuzingirwa kwa ngome hiyo. Alimwapia Catelyn kwamba hatashika silaha dhidi ya Stark wala Tully. Anamwita Edmure Tully, anamwogesha, anamlisha, kisha anamtisha kwa maneno ya kuogofya kuhusu mtoto wake ambaye hajazaliwa. Ngome inasalimu amri bila vita. Askari wa pande zote mbili wanabaki hai. Baadaye barua ya Cersei inafika ikimwomba aje kumwokoa, naye anaitupa motoni. Ni sura za mtu aliyepoteza mkono wa upanga akijifunza kushinda bila upanga, na zimeandikwa kwa utulivu mkubwa. Wanaotaka damu wanaziita za kuchosha.

Siku hizi kuna wanaopendekeza kuvisoma cha nne na cha tano kwa kuchanganya sura, ili Tyrion na Daenerys waingie katikati kila njaa ya Riverlands inapoanza kumlemea msomaji. Kwa anayerudia, sawa. Kwa anayesoma mara ya kwanza, huko ni kumpa pumziko ambalo watu wa nchi ile hawakulipata. Soma cha nne peke yake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na ukifika kwa Meribald punguza mwendo.