Umeme wa usiku, joto la mchana

Mama mmoja kutoka Mbeya aliniandikia wiki mbili zilizopita. Binti yake yuko Uingereza, kaenda kufanya kazi ya kulea wazee, na kila wakipigiana video anawaona wajukuu wamevaa makoti ndani ya nyumba. "Huko kwa wazungu si kuna hita?" anauliza. "Mbona wanangu wanatetemeka?"

Hita zipo, mama. Shida ni kwamba aina moja ya hita za huku haimtii mtu mpaka aielewe, na hiyo ndiyo wapangaji wengi wageni wanaikuta ukutani. Nimeishi Leicester miaka kadhaa na nilidhani naielewa, mpaka mdogo wangu alipohamia mtaa wa pili na wanawe wawili, wa miaka saba na wa miaka miwili.

Nyumba yake ni ghorofa ya pili, jengo lisilo na gesi. Waingereza wengi hupasha nyumba kwa gesi kwa sababu ni rahisi kuliko umeme. Jengo lisipokuwa na gesi, mara nyingi utakuta makabati mapana ya chuma yamefungwa ukutani, mazito kama maiti ya ng'ombe. Hizo ni hita za kuhifadhi joto. Sisi nyumbani tunaziita hita za matofali, kwa sababu ukifungua kifuniko ndani ni matofali matupu, na nyaya za kupasha zimepita katikati yake.

Aliyekulia jiko la kuni atazielewa upesi. Ukipika ugali jioni, ukazima moto, asubuhi mafiga bado yana uvuguvugu na paka amejikunja hapo. Hita hii ni mafiga ya umeme. Usiku inakula umeme na kuyachemsha matofali, mchana inazimika na matofali yanatoa joto taratibu.

Kwa nini usiku? Kwa sababu usiku watu wamelala na mitambo ya umeme haina kazi nyingi. Mwaka 1978 Uingereza ikaanza mpango unaoitwa Economy 7, yaani saa saba za usiku zenye bei ya chini. Kwetu LUKU haijui usiku wala mchana, uniti ni uniti. Huku mwenye mpango huo mita yake ina hesabu mbili, ya usiku na ya mchana, na ya mchana huwa ghali kuliko bei ya mtu wa kawaida. Watu husahau hilo. Wanasikia "umeme rahisi usiku" hawasikii "umeme ghali mchana."

Basi Novemba mdogo wangu akanipigia. Katika hita nne, mbili zimekufa, ya sebuleni na ya chumba cha watoto. Mwenye nyumba ameambiwa na hajaja. Wao wamenunua hita ndogo ya feni, ya kuchomeka, inavuma sebuleni toka watoto warudi saa tisa mchana mpaka saa nne usiku. Yule mdogo anakohoa usiku kucha, na nyuma ya kitanda chake ukuta umeota ukungu mweusi. Bili ya mwezi imepita pauni 300.

Mama yetu Njombe akasikia, akatuma sauti ya dakika nne: kwa nini msiwashe jiko la mkaa likae chumbani? Nilimjibu usiku uleule. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na nyumba za huku zimezibwa kila upenyo kuliko zetu. Hata kwetu tumeshazika watu waliolala na jiko. Hilo, msomaji, usimshauri mwanao hata kwa utani.

Mimi nikajifanya mjuzi. Nikaona tangazo la mtu aliyekuwa anaweka gesi kwake, anatoa hita ya matofali kwa pauni 30, tuje tu kubeba. Ni ya kilowati 2.55. Nikamwambia shemeji tuifuate. Ina matofali kumi na mawili, na yote pamoja inazidi kilo mia moja. Tuliyatoa moja moja, tukayapanga kwenye gari kama wauza matofali wa Uyole, tukayapandisha ngazi hadi ghorofa ya pili. Shemeji aliumwa mgongo siku tatu na hakuniambia neno. Heshima tu.

Kesho yake fundi umeme alikuja, akatazama, akagoma. Na alikuwa na haki.

Kwanza aliuliza kama mwenye nyumba ameridhia. Hatukuwa tumemuuliza. Pili akaonyesha kuwa hita hii haichomekwi kwenye soketi kama pasi. Ina waya wake maalumu kutoka sanduku la fyuzi la usiku, sanduku linalopata umeme saa zile saba tu, na inafungwa ukutani kwa skrubu imara ili isimwangukie mtoto. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye sifa. Tatu akatafuta kibandiko cha ubavuni kujua umri wake. Akatueleza kwamba baadhi ya hita za zamani, za kabla ya katikati ya miaka ya 1970, zilizibwa kwa asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Yetu ilikuwa ya miaka ya tisini, tukapona. Lakini tulikuwa tumeshaifungua na kuikung'uta bila kuangalia. Nikikumbuka yule mtoto anayekohoa alikuwa amesimama mlangoni anatutazama, mwili unasisimka.

Kwa hiyo anayetaka kuokota hita ya mtumba aanze na kibandiko, kabla ya kugusa skrubu. Kama hakisomeki, iache hapohapo ilipo. Kinachosomeka, tazama mwaka na kilowati, hesabu matofali yote yapo na hayajapasuka, angalia kama blanketi la ndani la kuzuia joto halijachanika, na kama nyaya hazina alama ya kuungua. Nafuu yenyewe usiihesabu bila kuweka pesa ya fundi.

Swali la nne la fundi ndilo lililonifunga mdomo. Alisema, "Nionyesheni bili." Nikamwona mdogo wangu anafungua simu, na fundi anacheka kwa huzuni. Mita ilikuwa na hesabu mbili, ndiyo, lakini mkataba aliopewa alipohamia ulikuwa wa bei moja. Peni 27 kwa kila uniti, usiku na mchana. Zile hita mbili nzima zilikuwa zinakula umeme usiku kwa bei ya mchana, na mimi nilikuwa nimembebesha mumewe kilo mia moja ili ziwe tatu.

Tukapiga simu kwa kampuni. Ilichukua simu nne na karibu wiki tatu wakambadilishia: usiku peni 15, mchana peni 32. Pesa ya nyuma haikurudi.

Nikupe hesabu, maana ndiyo iliyomtuliza mdogo wangu. Hita ya feni ya kilowati 2, ikivuma saa saba bila kupumzika, inakula uniti 14. Kwa bei ya mchana ni pauni 4 na peni 48 kwa siku, zaidi ya pauni 134 kwa mwezi. Uniti 14 hizohizo zikiingia kwenye matofali usiku ni pauni 2 na peni 10, yaani 63 kwa mwezi. Umeme ni uleule na joto ni lilelile. Kinachobadilika ni saa. Ila kwa bei hizi mbili, kama asilimia 30 ya umeme wako haitumiki usiku, baki na bei moja, utapata nafuu zaidi. Kila mtu apige kwa bei za mkataba wake.

Kuna jaribio dogo: kabla ya kulala piga picha ya mita, na asubuhi ukiamka piga nyingine. Ile hesabu iliyopanda sana ndiyo ya usiku. Kisha tazama bili inaitoza bei gani. Dakika mbili.

Halafu saa zenyewe. Kwa mdogo wangu nafuu inaanza saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi. Si kila mji hivyo, na mita nyingi hazifuati saa za huku zinaposogezwa mbele mwezi Machi, kwa hiyo kiangazi kwake itakuwa saa saba na nusu hadi saa mbili na nusu. Uliza kampuni yako.

Sasa vile vitufe viwili vya juu, ambavyo ndivyo vinavyowatesa wengi. Kimoja kimeandikwa Input, kingine Output. Cha kwanza ni chakula: usiku wa leo ile kiasi gani. Unatazama hali ya hewa ya kesho, ikiwa baridi kali unapandisha, ikiwa wastani unashusha. Cha pili ni mlango: kinafungua kijidirisha ndani ili joto litoke haraka. Mdogo wangu alikuwa ameweka vyote viwili mwisho, siku zote, kwa akili ya kawaida kwamba zaidi ni bora. Matokeo yake joto lilikuwa linatoka usiku huohuo linapoingia, watoto wanalala wanatoka jasho, na ikifika saa kumi jioni matofali yamepoa kabisa. Ndipo feni inawashwa.

Mlango ubaki umefungwa asubuhi na mchana, maana joto hupenya lenyewe. Ufunguliwe jioni watoto wakirudi, na ufungwe kabla ya kulala. Ukisahau kuufunga usiku, umemwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na nguo mbichi zisianikwe juu yake. Najua, mama mwenzangu, mvua haikatiki na sare ni moja. Lakini hita iliyofunikwa inapata moto kupita kiasi na kujizima, na ule unyevu wa nguo ndio unaokwenda kuota ukungu nyuma ya kitanda. Mashine ya kufulia nayo inavutia kuiwasha usiku wa manane kwa ajili ya bei. Zimamoto wa huku wanashauri isiachwe inazunguka watu wakiwa wamelala. Mdogo wangu huiwasha saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapoamka kujiandaa.

Kwa maoni yangu hita hizi zinamfaa mwenye mtoto mdogo nyumbani, au mzee, au anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Familia inayotoka wote saa moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku inapasha viti.

Limebaki la mwenye nyumba. Mdogo wangu hakumsumbua kwa sababu aliogopa. Alidhani akilalamika atafukuzwa, na akifukuzwa visa itaharibika. Visa yake iko kwa mwajiri, haimhusu mwenye nyumba. Na England kuna sheria ya mwaka 1985 inayomtaka mwenye nyumba wa mkataba kama wake kuzitengeneza hita zilizofungwa ndani ya nyumba. Anayepuuzwa anaweza kwenda halmashauri ya mji, wanatuma mtu kukagua. Tuliandika barua pepe moja ya adabu, na picha za ukungu, na tarehe za simu zote alizopiga. Hatukutishia mtu. Tulitaja tu umri wa mtoto.

Siku ya sita fundi wa mwenye nyumba akaja. Hita ya sebuleni ilikuwa imekatika waya mmoja wa ndani, akabadilisha. Ya chumba cha watoto haikufaa tena, na mwenye nyumba akaridhia kwa maandishi ile yetu ya pauni 30 ifungwe mahali pake, kwa gharama yake. Ukungu ukasafishwa, kitanda kikasogezwa mbali na ukuta.

Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha joto la ndani kwa nchi za baridi, na kwa chumba cha mtoto mchanga huku wanashauri kati ya 16 na 20. Nilimnunulia kipimajoto cha pauni tano. Asubuhi ya kwanza akanitumia picha: 19. Kikohozi hakikuisha siku hiyo, kiliisha baada ya wiki mbili na daktari, ila makoti yalirudi kwenye misumari nyuma ya mlango.

Mama wa Njombe naye ametuma sauti nyingine. Anataka kujua kiangazi hayo matofali mnayalisha nini. Tumemwambia kuna swichi ukutani pembeni ya kila hita, Aprili unaizima, na yanalala hadi Oktoba. Akasema basi yana akili kuliko shemeji yetu, anayekula mwaka mzima.