Kipevu haionekani kutoka Westlands

Ripoti ya mwaka ya KenGen mimi huisoma kuanzia nyuma, kwenye majedwali. Picha za miche nimezizoea.

Novemba 2021, Soko la Hisa la Nairobi, lenye makao Westlands, lilitoa mwongozo wa kampuni kuripoti mazingira, jamii na utawala. Tangu hapo kila kampuni inajieleza kuwa ya kijani. KenGen, yenye ofisi kuu Parklands, jirani tu na soko hilo, ina hoja nzuri kuliko wengi: sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye maji na mvuke wa Olkaria. Gawanya moshi wote kwa umeme wote, hesabu inapendeza.

Sasa njoo Mombasa. Kipevu III, mtambo wa megawati 120 uliojengwa 2011, huchoma mafuta mazito. Mkazi wa Changamwe havuti wastani wa kampuni. Anavuta hewa ya Changamwe, na mvuke wa Olkaria, mamia ya kilomita huko bara, haumsafishii. Sisemi mtambo ufungwe kesho. Mabwawa ya Mto Tana yakipungua maji, mitambo ya mafuta ndiyo huokoa jahazi. Ninachotaka ni jedwali la kila mtambo peke yake: salfa, chembechembe, saa ulizowaka, mafuta yaliyomwagika.

Hata Olkaria kwenyewe hesabu ya moshi haikutosha. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hadi upatanishi ukafanyika. Umeme ulikuwa safi. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, nyumba na barabara.

Kenya sasa inaelekea kwenye viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, ambavyo kampuni zenye maslahi ya umma zimepangiwa kuvifuata kwa lazima kuanzia 2027. Ni hatua, lakini viwango hivyo vimeandikwa kwa ajili ya mwekezaji. Vinauliza mazingira yataathiri vipi fedha za kampuni. Mama wa Port Reitz ana swali la upande wa pili.

Na sisi Wapwani tunajua gharama ya kuchelewa kuliuliza. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu Owino Uhuru kilifungwa 2014. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu, pale katikati ya Nairobi, ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi, watoto wakiwa na risasi mwilini.

Sheria inataka mitambo kama Kipevu ifanyiwe ukaguzi wa mazingira kila mwaka na ripoti zipelekwe NEMA. Nakala ziwekwe ofisi ya chifu Changamwe, kwa Kiswahili.